Shahidi wa Pili wa Andhamayi

Jumatatu, 4 Septemba

Mia tatu na kumi na wawili! Nimehesabu mara mbili. Miungu mia tatu na kumi na wawili, wa kike kwa wa kiume, kutoka kila pembe ya dunia, wamekaa kimya kwenye maboksi ya viatu chini ya meza yangu ya maktaba. Kila mmoja na kadi yake. Miaka kumi na moja ya kazi hiyo. Nilianza kwa sababu wasomaji walikuwa wakija kuniuliza habari za miungu, nami sikuwa na kitabu hata kimoja cha Kibengali cha kuwapa ambacho hakijatiwa chumvi. Sasa kitakuwepo.

Sheria ni ile ile aliyotufundisha Mwalimu Nirupam darasani. Kila mungu awe na mashahidi wawili, na wa pili asiwe amesikia kwa wa kwanza. Kitabu kinachonakili kitabu kingine ni shahidi yule yule aliyebadilisha kofia. Ndiyo maana nampenda Inanna wa Sumeri — mashahidi wake ni vigae vya udongo vilivyoandikwa, na kigae hakinakili tovuti!

Bishu alikuja adhuhuri. Ndiye mchapishaji wangu, na mashine zake ziko kichochoroni nyuma ya Barabara ya College. Alikula sambusa zangu zote mbili, akasema jalada ameshalipata. Atamweka Andhamayi. Bibi kipofu, mama asiyeona, anayewajua wanawe kwa kuwapapasa nyuso. Mungu wa Kolkata yetu wenyewe! Mwalimu ndiye aliyemgundua, mwaka wa sitini na nane, akamwandika kwenye mwongozo wake wa miungu. Picha ya sanamu yake, iliyomo humo, ndiyo iliyompa Mwalimu jina.

Nilifurahi nikataka kumkumbatia Bishu na mafuta yake mdomoni. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu Mwalimu alipotusimulia habari za Andhamayi. Nilirudi nyumbani nimefumba macho, napapasa kuta, mpaka nikaangusha mtungi wa maji. Mama alinizaba kofi. Kazi yangu yote imeanzia kwenye kofi lile.

Jioni nikatoa kadi yake niifurahie. Shahidi mmoja. Mwalimu peke yake. Miaka kumi na moja na sikuwahi kumtafutia wa pili! Nadhani niliona aibu kumkagua. Haidhuru. Mungu maarufu hivi — kazi ya nusu saa.


Jumatano, 6 Septemba

Nusu saa imekuwa siku mbili.

Nimepata vitabu saba vinavyomtaja. Saba! Nikachekelea. Halafu nikaanza kufuata nyuma, kila kimoja kimetoa wapi. Kamusi nene ya Delhi imetoa kwenye kitabu cha Mjerumani. Mjerumani ametoa kwenye kitabu cha Mwingereza. Mwingereza, kwa maandishi madogo kabisa chini ya ukurasa — Mwalimu. Wa nne, Mwalimu. Wa tano amemnakili wa nne hadi makosa ya tarehe. Wa sita na wa saba, huko huko.

Kisha intaneti. Huko Andhamayi ameolewa! Ana mume na bundi. Tovuti nyingine inamchinjia mbuzi weusi. Mjerumani naye anasema ni mabaki ya dini ya kale kuliko vitabu vitakatifu vya Veda. Mwalimu aliandika kurasa tatu tu, hazina mume wala mbuzi. Hawa wengine wamempa mahari kabisa.

Nilicheka mwenyewe, msomaji wa meza ya dirishani akaniambia nyamaza. Mimi, mkutubi!

Ila nimerudi nyumbani na kadi yake mkobani, bado na shahidi mmoja.


Alhamisi, 7 Septemba

Mvua. Maktaba tupu. Bishu amepiga simu kuuliza Ngai ni nani, anasahihisha kurasa za N.

Nikamwambia ni Mungu wa Wakikuyu, Afrika, anakaa mlimani kwenye theluji.

"Kama Shiva!"

"Kama Shiva."

"Mashahidi?"

"Wawili. Safi kabisa."

"Na bibi yangu wa jaladani?"

Nikasema laini ya simu ina kelele. Haikuwa na kelele.


Jumapili, 10 Septemba

Leo siku ya kumsomea Mwalimu. Miaka themanini na minne, kichwa kizima, lakini mtoto wa jicho amemfunga macho yote mawili na operesheni hataki kusikia. Anasema ameshaona vya kutosha, sasa asomewe. Kila Jumapili nampelekea mtindi mtamu wa chungu na kurasa za kitabu chetu. Nasema chetu kwa sababu yeye ndiye anayeandika dibaji, yaani anaisema na mimi naandika. Hajaimaliza.

Nikamsomea Osun, nikamsomea Pele wa volkano. Alilipenda jina la Pele, akalirudia kama mtu anayeonja kitu.

Halafu akauliza, "Wamebaki wangapi wenye shahidi mmoja?"

"Mmoja tu, Mwalimu."

"Nani?"

Nikamwambia mungu mmoja wa Siberia! Uongo mtupu, na mbele ya nani! Masikio yamenichoma moto.

Nikajifanya hamnazo, nikauliza Andhamayi yule alimwona wapi hasa. Akajibu, "Si imeandikwa chini ya picha? Kumartuli." Akaomba chai zaidi. Kikombe chake kilikuwa bado kimejaa nusu.


Jumanne, 12 Septemba

Nimeomba ruhusa ya nusu siku nikaenda Kumartuli, mtaa wa wafinyanzi wa sanamu, na fotokopi ya picha kwenye bahasha.

Wafinyanzi hawana muda na mtu mwezi huu. Sanamu za mungu Durga wa sikukuu ijayo, mia kwa mamia, zimesimama uchi wa udongo mpaka njiani, mikono kumi kila moja, na mvua inanyemelea. Ukiuliza kitu unaambiwa pisha. Mmoja alinitwisha kapu la nyasi akidhani nimekuja kazini. Nikalibeba mpaka nilipoelekezwa! Ndiyo bahati yangu, kwa sababu kule nilikolitua ndiko alikokuwa amekaa mama mmoja, anasokota vidole vya udongo kimoja kimoja na kuvipanga kwenye ubao. Pushpo Pal. Miaka sabini na mitatu. Aliolewa mtaani humo akiwa binti wa miaka kumi na minane.

Nikamwamkia, nikamwonyesha picha. Alifuta mikono kwanza. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Haa! Huyu si Saraswati wetu?"

Nikamwambia hapana, shangazi, Saraswati ni mungu wa elimu, huyu ni Andhamayi.

"Mwanangu, nyasi za ndani ya sanamu hii nilizifunga kwa mikono hii. Nilikuwa bi harusi, hata hina ya miguu haijatoka. Saraswati wa shule moja ya hapo juu. Unaona mikono? Imekaa hivi ishike zeze. Zeze linakuja mwisho. Na bata wake hajawekwa, alikuwa anakauka juani."

Nikauliza macho. Nilishajua, nadhani. Lakini nikauliza.

"Macho atayatia nani? Baba mkwe alifariki siku tisa kabla ya sikukuu. Tuko kwenye matanga, nyumba nzima haina usafi wa kutia macho ya mungu. Tungeenda kumkosea? Shule ikachukua sanamu kwa jirani. Wetu akabaki pale ukutani, mweupe macho. Roho iliniuma kumtazama."

Nilikaa kwenye gunia. Kila mtu wa mji huu anajua kwamba macho hutiwa mwisho, na kwamba mfiwa hayatii. Hata mimi najua! Ila nani angewaza?

Halafu akaanza kucheka peke yake, mabega yanatikisika. Akasema akaja kijana mmoja mwembamba, miwani, daftari, anauliza kila kitu. Akasimama mbele ya sanamu. Huyu ni nani? Na shemeji yake, Haru, ambaye hata msibani alikuwa hawezi kuufunga mdomo, akamjibu kwa uso mkavu kabisa, "Huyo ni Andhamayi, bwana. Mama asiyeona. Anawajua wanawe kwa kuwapapasa."

"Tulikuwa nyuma ya turubai," anasema, "tumebanana, tumeumana mikono tusicheke, na matanga yale! Basi yule kijana akavua viatu. Akainama, akagusa miguu ya sanamu. Aliposimama, machozi. Kicheko kikatukauka sote. Haru naye akanyamaza. Utamwambiaje mtu aliyeshalia?"

Na kumbe Mwalimu alirudi! Kila mwaka, siku ya Saraswati, na boksi la peremende za maziwa, mpaka magoti yalipomkatalia. Alikuwa anakaa na Haru wanapiga soga mpaka jua linashuka. Haru amekufa sasa miaka kumi na nane.

"Ni nani yako yule?" akaniuliza.

"Mwalimu wangu."

"Mtu mzuri," akasema. "Usimwambie."

Nimerudi kwa miguu njia nzima. Nina huzuni, kweli. Lakini nilipofika darajani nikaanza kucheka, na sikuweza kuacha. Haru! Vitabu saba, Mjerumani, bundi, mbuzi weusi — vyote vimetoka nyuma ya turubai la Haru.


Jumatano, 13 Septemba

Sijafanya lolote. Nimepanga magazeti ya zamani ambayo hayakuhitaji kupangwa.


Ijumaa, 15 Septemba

Nimemwambia Bishu. Ilibidi. Ameshachora jalada, na limependeza, shetani mkubwa. Mikono ile miwili inakuja mbele mpaka unataka kusogea upapaswe.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akawasha sigara, akaizima.

"Dada Keya. Miungu mia tatu na kumi na wawili. Huyu umemkamata. Wale mia tatu na kumi na mmoja una uhakika hawana Haru wao?"

Swali la kihuni. Na zuri! Nikamwambia ndiyo maana ya mashahidi wawili, angalau Haru wawe wawili na wasijuane.

Akacheka. Kisha akasema yake kwa utaratibu, na Bishu akisema kwa utaratibu namwogopa. Kwamba Mwalimu ana miaka themanini na minne. Kwamba jina lake lote limesimama juu ya bibi huyu. Kwamba nikimwacha hakuna atakayejua, na nikimtoa atajua mmoja tu, naye ndiye niliyemwandikia kitabu. "Sasa unamtolea nani?"

Nilisema wasomaji. Jibu lilitoka dhaifu.

Mwisho tukapatana hivi. Jumatatu ni siku ya Vishwakarma, mungu wa mafundi, mashine zinaoshwa, zinavikwa maua na kuabudiwa, hakuna anayezigusa. Jumanne asubuhi saa tatu anaanza kuchapa kurasa za A. Nimpelekee karatasi moja. Ama ile yenye Andhamayi, ama ile isiyo naye. Jalada atalibadili ikibidi, "na nitalia, lakini nitalibadili."

Nimezipiga chapa zote mbili leo leo. Ziko kwenye mkoba. Uzito wake ni sawasawa.


Jumapili, 17 Septemba

Aliniambia tuanze mwanzo, anataka kusikia kitabu kinavyoingia.

Nikasoma Agni. Nikasoma Apollo. Nikaendelea mpaka Athena, yeye amelaza kichwa nyuma, anatabasamu, mkono juu ya chungu cha mtindi. Aliponisindikiza mlangoni akanigusa kichwa kama kawaida, lakini mkono ulikaa kidogo zaidi ya kawaida.

Nampenda mzee huyu. Sikuwahi kuliandika hapa kwa sababu halikuhitaji kuandikwa. Baba yangu alinifundisha kunyamaza, huyu akanifundisha kuuliza. Na sasa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuuliza linakwenda kumchoma yeye.

Kesho narudi. Sijui na karatasi ipi.


Jumatatu, 18 Septemba

Naandika sebuleni kwake. Nieleze haraka kwa nini.

Nimekuja asubuhi. Anga lote vishada vya sikukuu, vyekundu, vya kijani, mji mzima uko juu ya mapaa. Nilimkuta kwenye kiti chake karibu na dirisha, anasikiliza kelele. Sikuleta mtindi. Nikasema, "Mwalimu, jana nilikudanganya."

"Na Jumapili ile nyingine pia," akasema. "Hakuna mungu wa Siberia. Wa Siberia ulinisomea mwezi wa sita, wote walikuwa na mashahidi wawili wawili."

Nikaweka mkoba sakafuni.

"Na jana ulisoma Agni ukarukia Apollo. Katikati yao alikuwa amekaa mtu. Amekwenda wapi?"

Basi nikamwambia. Kumartuli, kapu la nyasi, vidole vya udongo. Nilipofika kwenye matanga nikasita. Yeye akamalizia.

"Zeze lilikuwa halijawekwa," akasema. "Na bata alikuwa juani."

Anajua! Anajua! Haru alimwambia mwenyewe, mwaka wa themanini na tatu, siku ya Saraswati, wamekaa na peremende katikati yao. Haru alishindwa kuendelea kuzila. Alimwambia akilia, na Mwalimu naye akalia, halafu anasema wakacheka mpaka mke wa Haru akaja kuuliza kama wamelewa.

Nikamuuliza mbona hukuandika. Nilimuuliza kwa ukali, nadhani. Miaka arobaini!

Hakukasirika. Alisema wakati ule Mwingereza alikuwa ameshanakili, na Mjerumani alikuwa ameandika barua ya heshima, na shule ilikuwa imemfanyia sherehe. Akasema aliona haya. Hivyo tu, kwa maneno hayo, niliona haya. Akajiambia kwamba iko siku mwanafunzi mmoja atakuja kukagua, kwa sababu aliwafundisha kukagua. Ataulizwa, atajibu.

"Kila darasa niliwarudia ile sheria," akasema. "Niliisema kwa sauti kubwa kuliko masomo mengine yote. Umechelewa, Keya. Nimekungoja sana."

Nikalia. Nikacheka pia. Yeye akapapasa mezani mpaka akaupata mkono wangu, kama Andhamayi na wanawe, na sote wawili tuliliona hilo.

Nikatoa zile karatasi mbili nikaziweka mbele yake, nikamweleza ipi ni ipi. Nikamwambia Bishu anangoja, kesho saa tatu. Aamue yeye.

"Mimi niamue? Una mashahidi wangapi kwamba huyu ni Saraswati?"

"Mmoja. Shangazi Pushpo."

"Mmoja!" Alifurahi, kweli kabisa, uso wote uliwaka. "Mwanafunzi wangu, unataka kumwondoa mungu kitabuni kwa shahidi mmoja? Nilikufundisha hivyo?"

"Mwalimu —"

"Mimi sikusikia kwa Pushpo. Nimesikia kwa Haru, kwa mdomo wake. Wa pili ndiye mimi. Toa kalamu."

Nikasema tumweke wapi basi, tumfute au tumwache na maelezo. Akasema hilo baadaye. Kwanza ushahidi.

Sina karatasi nyingine mkobani. Kuna hizi mbili, na zimejaa pande zote, na daftari hili. Nimemwambia ni shajara yangu. Amesema vizuri zaidi, shajara haitii chumvi. (Hajaisoma!) Nimeandika haya ya juu wakati amekwenda kunawa uso na kubadili shati. Ndiyo, amebadili shati. Sasa amerudi, amekaa wima, mikono magotini. Nayaandika anavyoyasema.

Mimi, Nirupam Bhaduri, mwalimu mstaafu, mwezi wa Magh, kabla ya sikukuu ya Saraswati, nikiwa na miaka ishirini na tisa, nilisimama kwenye karakana ya akina Pal, Kumartuli, mbele ya sanamu ya Saraswati ambayo haijatiwa macho kwa sababu ya msiba. Sikumtambua. Niliuliza jina lake, nikajibiwa kwa utani. Sikumuuliza mtu wa pili. Sikumuuliza kwa sababu mama yangu mzazi alipofuka nikiwa mdogo, na alikuwa akitujua sote saba kwa

Ameishia hapo, vidole vinapapasa magoti. Juu ya paa wanapiga kelele, kishada cha mtu kimekatwa. Kalamu iko tayari. Namngoja.